Titi la Kulia, Titi la Kushoto na Soksi ya Mume Wangu

Acha niseme la aibu kwanza, tukishalimaliza tutaendelea vizuri. Soksi ya mume wangu ilinidondoka kanisani, kutoka kifuani, mbele ya padri, wakati wa kupeleka matoleo.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye mstari wa akina mama, tunacheza taratibu kuelekea altareni, kila mmoja na alichojaliwa. Mimi nilibeba ungo wenye majani ya maboga, kitu chepesi, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kubeba vizito. Tulipofika mbele, kama ilivyo kawaida yetu, tukainua matoleo juu. Nikainua ungo. Mikono ikapanda, sidiria ikapanda nayo, na soksi niliyokuwa nimeikunja vizuri upande wa kushoto ikaona njia. Niliisikia ikishuka tumboni polepole, haina haraka. Ikatokea chini ya blauzi, ikatua katikati ya miguu yangu.

Sikuiokota. Ningeinamaje? Nilicheza nikaipita, kama vile soksi ni ya kanisa na imekuwa pale tangu ujenzi.

Sasa pale kwetu kuna bibi mmoja mhudumu, kazi yake ni kuokota vinavyodondoka kwenye matoleo: punje za mahindi, viazi, hata kuku akikimbia ni yeye. Akaiona soksi, akaiokota, akaikung'uta, akaiweka kwenye kapu la nguo za wahitaji. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, imekwisha.

Haikuisha. Wakati wa matangazo mwenyekiti wa parokia akasimama. Akasoma ya jumuiya, akasoma ya ndoa, halafu akainua ile soksi juu watu wote waione. Nyeusi, nene, ya kuvalia mabuti ya mvua, na kisigino kina kiraka nilichokishona mimi mwenyewe kwa uzi mwekundu.

"Tunamshukuru aliyetoa," akasema. "Ila imekuja moja. Tunaomba alete na mwenzake, ili mhitaji apate zote mbili."

Upande wa wanaume nikamwona mume wangu ameinua shingo. Asubuhi ile alikuwa ameitafuta soksi hiyo nyumba nzima, mpaka chini ya kuku anayeatamia. Akaangalia kiraka, akaniangalia mimi, akaanza kujiinua kwenye benchi. Kabla hajasimama sawasawa, nyuma yangu akasimama rafiki yangu, mama fundi cherehani wa pale sokoni Mbinga.

"Ni yangu, mwenyekiti," akasema. "Ya pili naileta Jumapili ijayo."

Akakaa. Watu wakampigia makofi.

Sasa nieleze soksi ilifikaje huko, maana najua ndicho mnachotaka.

Mimi nilizaliwa kama watoto wengine. Nilipofika kidato cha pili kifua kikaanza kukua kwa bidii ambayo kichwani sikuwa nayo. Shule ikanishinda, kifua kikafaulu. Nilipojifungua watoto wangu ndiyo kikaamua kabisa kwamba huku ni kwake. Nikawa natembea nimeinama mbele kama mtu anayetafuta sindano. Mikanda ya sidiria ilinichimba mabegani mifereji, ungeweza kupitisha maji. Na chini yake, kipindi cha joto, ngozi inachubuka, nami napaka unga wa watoto kama naandaa maandazi.

Tena matiti yenyewe hayakuwa sawa. La kushoto lilikuwa kubwa zaidi, na si kidogo. Rafiki yangu fundi ndiye aliyekuwa akinishonea, ndiyo maana alikuwa anajua siri zote. Gauni langu lilikatwa kama la watu wawili walioshindwa kukubaliana: kushoto kitambaa kingi, kulia kitambaa cha kawaida. Akinipima alikuwa anashika futi, anahema, ananiambia nikae sawa. Nakaa sawa. Ananiambia, hapana, kaa sawa. Nami namwambia huku ndiko kukaa sawa kwangu.

Siku moja wakaja madaktari bingwa kufanya kambi hapa wilayani. Nilienda kwa ajili ya mgongo. Daktari akanisikiliza, akanigusa mabega, akaona ile mifereji, akasema mgongo wangu hauna kosa lolote, unaonewa tu. Akasema kuna operesheni ya kupunguza, inafanyika hospitali kubwa, na kwangu mimi ingekuwa tiba, si mapambo. Nilicheka mpaka akaniuliza kama nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nacheka kwa sababu sikujua kwamba jambo hilo lipo duniani, na mimi nimebeba mzigo huu miaka yote.

Mume wangu hakuleta shida. Yeye ni mtu wa kule chini, wa pwani ya ziwa, watu wa huko hawashtuki ovyo. Aliuliza swali moja tu, kama litauma. Kahawa ilipouzwa, tukapanga safari. Majirani tukawaambia naenda kutibiwa mgongo. Na si uongo, mgongo ndio ulionituma.

Huko hospitali, asubuhi ya operesheni, daktari alinisimamisha wima, akachukua kalamu nene, akaanza kunichora. Alipima kutoka kwenye shimo la koo kushuka chini, kulia, halafu kushoto, halafu anarudi nyuma kuangalia, anafunga jicho moja. Nikamwambia rafiki yangu fundi akimwona atamwajiri. Nikamuuliza kwa nini asinilaze nipumzike. Akasema nikilala kila moja litakimbilia kwapani kwake na hatajua mpaka uko wapi. Kweli kabisa, nililala hivyo miaka mingi, nazijua tabia zao.

Akanieleza taratibu kwamba kushoto atapunguza zaidi kuliko kulia, ili yakaribiane. Lakini akasema nisitegemee yafanane kabisa, hakuna mtu mwenye pande mbili zinazofanana, na uvimbe wa baada ya operesheni haupungui kwa pamoja. Upande mmoja unaweza kutangulia. Ningeona tofauti miezi ya mwanzo, nisiogope. Nikaitikia. Mimi kuitikia sijambo.

Nilipozinduka nilijisikia mwepesi mpaka nikamuuliza nesi kama wamebakisha kitu.

Wakati wa kuruhusiwa daktari akanipa masharti. Nivae sidiria ya kubana usiku na mchana. Nisiinue kitu kizito. Nisibebe ndoo, nisibebe mtoto, nisibebe kuni, nisiinue mikono juu, mpaka nirudi anione. Nikarudia yote kwa sauti, sikukosea hata moja. Zingatieni hapo: hakutaja jembe. Yeye anatoka mjini, kwake jembe ni picha ukutani.

Mama mkwe alipanda kutoka ziwani kuja kuniuguza. Akaja na furushi la usipa, dagaa wa ziwani, waliokauka vizuri, na samaki wawili wa mbasa wamefungwa kwenye gazeti. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia huku ananitazama kifuani kama mtu aliyekuta nyumba ya jirani imebomolewa. Akasema kwa Kinyasa kitu ambacho mume wangu alikataa kukitafsiri. Baadaye akaniambia kwa Kiswahili kwamba sasa nimekuwa msichana, mwanawe aongeze mahari. Alikuwa askari yule mama. Nikigusa ndoo, ananiita. Nikigusa ufagio, ananiita. Alikuwa anasali Kianglikana chake chumbani na bado anasikia nimeshika mwiko.

Shida ilianza alipoondoka. Kule chini msimu wa usipa ulikuwa umekolea, na nyumbani kwake hakukuwa na wa kuanika. Akaniachia maneno kwamba nikae, akashuka.

Na ilikuwa msimu wa ngoro. Kwa wasiotujua sisi Wamatengo: shamba la mlimani tunalichimba vishimo vishimo, mlima mzima unaonekana kama umetobolewa kwa mpangilio, maji ya mvua yanakaa humo, udongo hauondoki. Wanaume wanafyeka na kulaza majani kwa mistari ya kukatana, wanatengeneza viboksi. Halafu wanawake tunaingia, tunachimba katikati ya kila kiboksi na kurusha udongo juu ya majani, tunayafukia, na juu yake tunapanda maharage. Kazi ya mwanamke inaanzia pale majani yanapolala.

Majani yangu yalikuwa yamelala. Mume wangu alishayalaza, yakaanza kukauka. Na shamba letu liko mlimani, linatazamana na mlima mwingine wenye watu. Huwezi kuficha ngoro. Mtu anakaa mlangoni kwake ng'ambo ya bonde anakunywa uji, anasoma shamba lako lote. Mashamba ya wenzangu yalikuwa yamefukiwa, mazuri, vishimo vimekaa kama vimepigwa mhuri. Langu katikati, majani matupu, kama mtu aliyeacha kitanda hakijatandikwa mlango wazi.

Mume wangu alisema atafukia yeye. Nikakataa. Anajua kuvua, anajua kahawa, lakini alishawahi kujaribu kufukia na vishimo vikatoka kimoja kikubwa kingine kidogo, na wakati ule mimi nilikuwa nimechoka na vitu vya namna hiyo. Fundi akasema tuite majirani kwa kazi ya pamoja, tupike, tuandae pombe, siku moja tu shamba linaisha. Nikakataa hilo pia, kwa sababu wanawake wakikaa pamoja shambani wangenikagua huo mgongo wangu uliotibiwa, na wangeona haraka kwamba haukuwa mgongo.

Basi nikafanya hesabu zangu, na hesabu ndizo zilizonitoa shule. Nimekatazwa kuinua na kubeba. Kuchimba si kuinua, udongo uko chini na unabaki chini. Na nitatumia mkono mmoja tu, wa kulia, ili upande wa kushoto uliokatwa zaidi upumzike. Nikaona nina akili kuliko hospitali nzima.

Asubuhi mume wangu alipokwenda kwenye kahawa, nikapanda shambani. Mkono wa kushoto nikauweka kiunoni kama mtu anayesubiri kupigwa picha, mkono wa kulia ukafanya kazi. Chimba, rusha, fukia. Nilimaliza ule upande unaoonekana na watu wa ng'ambo, wa nyuma nikauacha. Nilirudi nyumbani najisikia mshindi.

Jioni titi la kulia likaanza kujaa. Kesho yake likajaa zaidi. La kushoto limetulia, dogo, zuri, kama la kwenye kalenda. La kulia linanyanyuka kwenye sidiria kama mkate uliowekewa hamira nyingi. Nikasimama mbele ya kioo, nikageuka huku, nikageuka huku. Nikafikiri mambo mawili. La kwanza, daktari amekosea, amesahau upande upi ndio wa kupunguza zaidi. La pili lilikuja usiku nimelala chali: nimeharibu mwenyewe. Hilo la pili sikulitaka, nikashika la kwanza.

Msicheke sana hapo. Kwa mara ya kwanza tangu nikiwa msichana nilikuwa nimepita sokoni na mgongo umenyooka. Fundi alikuwa ameshaninunulia kitambaa cha sare ya akina mama wa parokia, alikuwa anasubiri nipone anipime, na alikuwa ameniahidi gauni la kwanza lenye pande mbili zinazolingana. Nililitaka hilo gauni kuliko nilivyowahi kutaka gauni la harusi. Sasa nilikuwa naenda kurudi kulekule kwenye kitambaa kingi upande mmoja, kwa mkono wangu mwenyewe, tena wa kulia.

Sikumwambia mtu. Jumapili ikafika, ile sidiria ya kubana iko kwenye kamba imelowa, nikavaa ya zamani. Ya zamani ilikuwa na nafasi kama nyumba iliyohamwa. Kulia kulijaa kiasi, kushoto kukabaki upepo. Nikatafuta kitu cha kusawazisha. Nguo za watoto nyembamba, kanga inavimba sana. Soksi ya mume wangu, ukiikunja vizuri, inakaa kama imezaliwa hapo. Mengine mmeyasikia.

Baada ya misa fundi alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya kanisa kwenye migomba, akaniambia nifungue. Nikafungua. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha akaniuliza nimefanya nini. Nikasema daktari amekosea. Akaniuliza tena nimefanya nini. Nikasema ngoro.

Hakunigombeza. Alisema tu kesho asubuhi yuko stendi, nisimfanye asubiri.

Tukapanda basi yeye na mimi. Pale Kitai, basi liliposimama watu wanunue mahindi ya kuchoma, nikamwambia turudi, labda litashuka lenyewe. Akaninunulia hindi ili ninyamaze. Njia nzima nilikuwa nawaza daktari atasema imeshindikana, nikae hivyo, moja kubwa moja dogo, mpaka nizeeke.

Daktari alinipokea vizuri, akafungua, akaminya upande wa kulia kwa vidole viwili. Akasema kuna maji yamekusanyika ndani. Halafu akakaa.

"Mama, nilikwambia usiinue kitu kizito."

"Sikuinua, daktari. Nilikuwa nafukia."

"Unafukia nini?"

"Majani."

Akamwangalia fundi, kama anaomba mkalimani. Fundi akatazama dirishani. Ikabidi nimweleze ngoro kutoka mwanzo, majani yanavyolazwa, udongo unavyorushwa, na jinsi nilivyokuwa mwangalifu kutumia mkono mmoja. Akaniomba nimwonyeshe kwa vitendo ila polepole. Nikasimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni, nikachimba hewa, nikarusha udongo wa hewa juu ya majani ya hewa. Nesi alitoka nje. Daktari akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema msuli wa kifua ndio unaousukuma huo mkono, na mimi nimeufanyisha peke yake kazi ya mikono miwili juu ya kidonda.

Nikamuuliza lile swali lililonileta. Je, nimeyaharibu, au yatalingana?

Alinijibu kwa heshima, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Alisema nimebahatika, mshono haujaachia na hakuna usaha. Atayavuta maji, na ikibidi atayavuta tena. Kama nitatulia, tofauti nitakayobaki nayo ni ile ya kawaida tu. Lakini nikirudi kwenye hivyo vishimo kabla hajaniruhusu, hawezi kuniahidi chochote.

Akaingiza sindano. Maji yakatoka rangi ya chai ya rangi iliyokosa majani. Mimi nikageuza macho, fundi ndiye aliyeangalia mpaka mwisho, na titi likashuka taratibu mbele yake. Alinishika bega muda wote.

Tuliporudi nilitulia kweli. Fundi aliita majirani, nikapika nimekaa kwenye kigoda, pombe ikanywewa, upande wa nyuma wa shamba ukafukiwa. Wanawake walinikagua kama nilivyojua. Mmoja akaniuliza daktari wa mgongo alinitibu vipi mpaka kifua kikapungua. Nikamwambia mambo yote mwilini yameunganika. Akafikiri, akaomba namba ya hospitali.

Soksi ya pili fundi aliipeleka Jumapili iliyofuata, kama alivyoahidi. Alikuja kuichukua nyumbani kwangu, na mume wangu akamkabidhi mwenyewe, amenyooka kama anamtoa binti. Masika yote yaliyobaki alivaa mabuti bila soksi, na kila akiyavua alikuwa ananiangalia tu.

Kahawa ilipoanza kuiva, daktari aliniona tena akasema nimeruhusiwa kila kitu, hata kufukia. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Akafunga pazia la kibanda chake, akachukua futi, akashika penseli kwa meno. Nikakaa sawa, na safari hii hakuniambia nikae sawa. Akapima kulia. Akapima kushoto. Akarudia kulia. Nikamwona ananyanyua nyusi.

Nikajua. Nikamwuliza ni lipi kubwa. Akasema la kulia, kidogo sana, cherehani haitajua. Nikamwambia apime tena. Akapima tena. Nikamwomba futi nipime mwenyewe, nikaenda kwenye kioo chake kilichopasuka, nikageuka huku, nikageuka huku, nikaanza kumwambia kwamba ukiangalia kwa pembeni, mwanga ukitokea dirishani, unaweza ukaona kama vile.

Akaninyang'anya futi, akaivaa shingoni, akaanza kukata kitambaa. Akakikunja katikati, akakata pande zote mbili kwa pamoja, mkasi mmoja. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mwenzangu, mimi nilisimama nikaikubali soksi isiyo yangu mbele ya parokia nzima. Na wewe yakubali hayo. Hayo angalau ni ya kwako."